Gorogoro Hukaguliwa Kitako

Bikizee aliyelizoea soko hanunui maharagwe kwa macho peke yake. Hapa Kiserian, kabla muuzaji hajazamisha gorogoro guniani, mama huyo hunyoosha mkono na kuiomba. Huipindua, hupitisha kidole gumba kitakoni, kisha huirudisha bila neno. Anatafuta bonyeo. Mkebe uliogongwa hadi kitako kikaingia ndani humnyang'anya mnunuzi konzi nzima ya nafaka, na juu yake, muuzaji akishasawazisha kwa kiganja, unaonekana umejaa sawa na wenzake.

Nyanya yangu ndiye aliyenifunza desturi hiyo. Hakujua kusoma wala kuandika, lakini sokoni hakuwa mtu wa kupunjwa, maana kila cha kumlinda kilikuwa mbele yake: mkebe aliushika, nafaka aliiona, na waliosimama nyuma yake walikuwa mashahidi. Akigundua bonyeo alilisema kwa sauti, na muuzaji akabadilisha mkebe kabla soko zima halijamgeukia.

Leo mama wa umri wake akimaliza soko huvuka barabara hadi kibanda cha wakala, simu ya vibonyezo ikiwa imefungwa kwenye pindo la leso. Anafuata pesa za wazee.

"Nyanya, bado haijaingia," anaambiwa.

"Nani amesema?"

"Mashine ndiyo inasema hivyo. Jaribu wiki ijayo."

Ujuzi wote wa soko unaishia hapo. Hakuna cha kupindua, hakuna pa kupitisha kidole, na waliosimama nyuma yake hawawezi kumshuhudia kwa kuwa nao hawaoni kitu.

Serikali yetu imehamishia mgao mwingi wa umma kwenye kompyuta na simu: pesa za wazee, mbolea ya ruzuku, bima ya afya, vibali na vyeti. Siwaonei kijicho waliofanya kazi hiyo, wala sitamani kurudi enzi za daftari la karani lililokaa kabatini na kufunguliwa kwa hongo. Ninachodai ni kwamba mfumo wowote unaogawa mali ya umma upimwe kwa kile ambacho mtu wa mwisho kwenye foleni anaweza kukikagua mwenyewe. Ukiupima kutoka ofisi ya Nairobi utaona usalama upo, uwazi upo na kasi ipo. Upime kutoka Kiserian.

Bei ya "rudi kesho"

Kiserian imekaa chini ya vilima vya Ngong, mwendo mfupi kutoka Nairobi kwa anayeamka mapema kukwepa msongamano wa Rongai. Magharibi, barabara ya Magadi hupanda hadi Corner Baridi, kisha ikateremka bondeni kupitia Oltepesi na Olorgesailie. Upande wa pili iko ile ambayo wenyeji huiita Pipeline, inayokwenda Isinya, na ukiendelea unaifikia Kitengela. Hapa hukutana wapangaji wanaofanya kazi jijini, wakulima wa vishamba vya mahindi na sukuma wiki, na wafugaji wanaoleta mbuzi na ng'ombe. Kichinjio cha Keekonyokie, kilichojipatia sifa kwa kugeuza kinyesi na damu ya mifugo kuwa gesi ya kupikia, kipo hapa hapa.

Kwa familia nyingi za kule bondeni, Kiserian ndiyo mahali ambapo dola linapatikana. Ndiko kuna wakala mwenye pesa za kutosha, saiba ya kuchapisha fomu, na mtandao usioyumba. Mama wa Oltepesi akiambiwa "rudi kesho" ametozwa nauli ya kwenda na kurudi, siku nzima ya kazi, na mjukuu aliyekosa shule ili achunge mbuzi. Wataalamu hupima kasi ya mfumo kwa sekunde ambazo kompyuta huchukua kujibu. Yeye huipima kwa safari ngapi amefanya kabla ya kushika noti mkononi. Kompyuta inayojibu "hapana" kwa kasi ya umeme mara tatu mfululizo ni kompyuta ya polepole mno.

Jibu moja, sababu nne

Inua Jamii ni mwavuli wa ruzuku za pesa kwa wazee, kwa familia zinazolea mayatima na watoto walio katika hali ngumu, na kwa watu wenye ulemavu mkubwa. Mzizi wake ni majaribio yaliyoanza mwaka 2004, wakati UKIMWI ulipokuwa ukiwaacha watoto mikononi mwa nyanya zao. Wazee waliongezwa baadaye katika muongo huo, na mwaka 2018 mlango ukafunguliwa kwa Wakenya wote waliofikisha miaka 70 ambao hawapokei pensheni. Kiasi ni shilingi 2,000 kwa mwezi. Kimebaki hapo kwa zaidi ya miaka kumi, huku bei ya unga ikipanda na kupanda tena.

Njia ya kulipa imebadilika mara kadhaa. Mwanzoni watu walipanga foleni posta. Baadaye zikaja benki, kwa kadi na alama za vidole. Mwaka 2024 serikali ikaanza kuhamishia malipo kwenye simu kupitia eCitizen, jukwaa lake la huduma za mtandaoni. Kila badiliko lilikuwa na sababu nzuri, na kila moja lilimwacha mtu fulani nje.

Alama ya kidole iliwazuia matapeli waliokuwa wakichukua pesa kwa majina ya marehemu. Lakini vidole vilivyokama ng'ombe, vikakata kuni na kukandika nyumba kwa samadi kwa miaka hamsini havina tena michirizi ya kusomeka. Mwenye navyo yuko hai, amesimama dirishani, anaitwa kwa jina na jirani yake, na kifaa kinamkana.

Simu nayo ilifuta safari ndefu. Lakini laini ambayo nyanya anaitumia pengine ilisajiliwa kwa kitambulisho cha mjukuu, na mfumo unaotafuta jina lake haumwoni. Namba ya siri anaijua yule anayemsomea ujumbe. Wengine wameiandika kwa kalamu nyuma ya simu, kwa kuwa kumbukumbu imechoka. Ulinzi uliobuniwa kwa ajili ya mtu anayesoma, anayeona vizuri na mwenye laini ya jina lake, ukifika kwa asiye na hayo humfanya awe mateka wa mwenye nayo. Mjukuu mwema atampa pesa zote. Mjukuu aliyelewa atamwambia bado haijaingia.

Na hapo ndipo nataka msomaji asimame nami kidogo. Pesa zinaweza kukosekana kwa sababu Hazina Kuu haijazitoa. Zinaweza kukosekana kwa sababu jina limeondolewa kwenye orodha. Zinaweza kukwama kwa sababu laini na kitambulisho havilingani. Zinaweza kuwa zimetoka na mtu amezila. Sababu hizi nne zinahitaji hatua nne tofauti: kungoja, kukata rufaa, kusajili laini upya, kwenda polisi. Zote zinamfikia bikizee kwa maneno mawili yale yale: "Bado haijaingia." Asiyejua ni ipi kati ya hizo nne imempata hawezi hata kuanza kudai. Atangoja tu, na kungoja ndiko ambako mwizi na mzembe wote wawili wanakuhitaji.

Nchi hii hii ilishaonyesha njia bora. M-Pesa ilipoanza Machi 2007 ilimpa kila mtu risiti. Anayetuma na anayepokea wote hupata ujumbe wenye namba ya muamala, kiasi, jina, saa na salio. Kabla ya kutuma unaonyeshwa jina la unayemtumia. Nenda soko la mifugo utazame: mwenye mbuzi haachii kamba hadi simu yake ilie. Na aliye mjuzi zaidi hatosheki na ujumbe, maana kuna matapeli wanaotunga ujumbe wa uongo. Hutazama salio lake kwanza. Huko ndiko kukagua kitako. Wafugaji ambao hawakukaa darasani hata siku moja wanafanya hivyo kila wiki, kwa sababu chombo kimewapa mahali pa kuweka kidole.

Mkulima alikaguliwa, mfuko haukukaguliwa

Kama pesa za wazee zinaonyesha mlango unaomkataa mwenye haki, mbolea ya ruzuku inaonyesha mlango imara uliopitisha uongo.

Septemba 2022 serikali ilishusha bei ya mfuko wa kilo 50 kutoka shilingi 6,500 hadi 3,500, na mwaka uliofuata ikafika 2,500. Wakulima waliandikishwa kupitia machifu na wazee wa vijiji, majina yakaingizwa kwenye kompyuta, na mkulima akapata ujumbe wa simu kumweleza mgao wake. Alikwenda na kitambulisho kwenye ghala la Bodi ya Nafaka na Mazao, akalipa, akabeba. Kwa upande wa njia ya ugavi hayo yalikuwa maendeleo ya kweli. Bwanyenye aliyezoea kuondoka na lori zima la mbolea ya bei nafuu na kuiuza kwingine alipata kizuizi.

Machi 2024 waandishi wapekuzi wa Africa Uncensored wakafichua kwamba baadhi ya mifuko iliyouzwa katika mpango huo haikuwa na mbolea ya kustahili jina hilo. Wizara ilianza kwa kukana, kisha ikakiri kuwa mbolea isiyofikia viwango imepenya, na ahadi ya fidia ikatolewa. Maelfu ya mifuko yalizuiwa. Tarehe 2 Mei Bunge la Taifa lilipiga kura ya kumwondoa Waziri wa Kilimo, Mithika Linturi. Kamati ya wabunge 11 ikasikiliza mashtaka, na tarehe 13 ikasema hayakuthibitishwa. Waziri akabaki hadi Julai, Rais alipovunja baraza lake la mawaziri.

Siasa ilizungumzwa vya kutosha wakati ule. Ninachotaka kikumbukwe ni mpangilio wa ukaguzi wenyewe. Mkulima alikaguliwa kitambulisho, akakaguliwa namba ya simu, akakaguliwa ukubwa wa shamba, akakaguliwa malipo. Mfuko haukukaguliwa mbele ya mkulima hata mara moja. Kila namba katika ile kompyuta ilikuwa sahihi, na ndani ya gunia kulikuwa na uongo. Gorogoro ilibaki vile vile ilivyowekwa, na aliyepinduliwa akaguliwe kitako ni mnunuzi.

Hasara ya mbolea haionekani siku ya kununua. Huonekana wiki kadhaa baadaye, mahindi yanapogeuka manjano yakiwa kimo cha magoti ya mwenye shamba, na kufikia hapo mvua za masika zimekwisha. Pesa zaweza kufidiwa. Msimu haufidiwi.

Mlango mmoja ukizibwa

Tarehe 27 Julai 2023, wiki chache tu baada ya serikali kuzindua maelfu ya huduma kwenye eCitizen, jukwaa hilo lilishambuliwa. Kundi lililojiita Anonymous Sudan lilidai kuhusika. Halikuhitaji kuvunja kufuli lolote. Lilimimina maombi bandia mengi kwa pamoja, kama watu elfu moja wasio na haja ya dawa wanaovamia mlango wa zahanati hadi mgonjwa akashindwa kupenya. Serikali ilisema hakuna data iliyopotea. Hata hivyo maombi ya pasipoti na viza yalikwama, tiketi za treni ya SGR zikasumbua, na ununuzi wa tokeni za umeme kwa simu ukayumba. Oktoba 2024 waendesha mashtaka wa Marekani walitangaza mashtaka dhidi ya ndugu wawili raia wa Sudan kuhusu kundi hilo.

Wafugaji wa Kajiado, kaunti yetu, wangeweza kuwaeleza wahandisi wetu habari ya kutegemea kisima kimoja. Katika ukame uliokausha misimu mitano mfululizo hadi mwaka 2023, walionusuru mifugo yao ni wale waliojua pa kuhamia. Kila mgao unaopita kwenye mlango mmoja unahitaji mlango wa pili, hata kama ni mwembamba: orodha iliyochapishwa kwa chifu, wakala mwenye idhini ya kulipa kwa kitambulisho na mashahidi wawili, namba ya kupiga bure yenye mtu wa kujibu. Mfumo usio na njia ya pili ukianguka huanguka na wote walioutegemea, na wa kwanza kuumia ni asiye na akiba ya kumvusha hadi utakaporudi.

Malori ya manjano

Wapo waliotangulia kujiuliza jinsi mtu wa mwisho kwenye foleni atakavyokagua mgao. Nchini Tanzania, Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, TASAF, ulipoanzisha mpango wa kunusuru kaya maskini mwaka 2012, majina ya kaya yalipelekwa mbele ya mkutano wa kijiji yathibitishwe. Orodha iliyosomwa kwa sauti mbele ya watu wanaojuana ina ulinzi ambao kompyuta hainao: marehemu akitajwa, watu huguna.

India ina mfumo mkubwa sana wa umma wa kugawa nafaka, na mafunzo yake ni ya pande zote mbili. Jimbo la Chhattisgarh, ambako nafaka ilikuwa ikipotelea njiani, liliamua katika miaka ya 2000 kuyaondoa maduka ya mgao mikononi mwa wafanyabiashara binafsi na kuyakabidhi kwa halmashauri za vijiji, ushirika na vikundi vya wanawake. Malori ya kubeba nafaka yakapakwa rangi ya manjano, na waliojiandikisha wakatumiwa ujumbe wa simu lori lilipoondoka ghalani. Tafakari ujanja wa rangi hiyo. Hauhitaji intaneti wala kusoma. Mtoto anayechunga mbuzi akiona lori la manjano usiku kwenye ua wa tajiri, amekwisha kuwa mkaguzi wa serikali.

Katika jimbo jirani la Jharkhand, mwaka 2017, mtoto wa kike wa familia maskini alifariki baada ya kadi yao ya mgao kufutwa kwa kutounganishwa na namba ya utambulisho ya Aadhaar. Jamaa zake walisema ni njaa, maafisa wakasema ni malaria. Nchi ile inabishana hadi leo juu ya chanzo cha kifo kile, lakini kufutwa kwa kadi ni hatua iliyochukuliwa na mfumo, mbali na macho ya mama aliyepaswa kujulishwa mapema.

Na ni huko huko India, jimboni Rajasthan, ambako chama cha wakulima na vibarua, Mazdoor Kisan Shakti Sangathan, kilianza mwaka 1994 kuitisha mikutano ya kusoma hesabu za serikali hadharani. Malipo yalisomwa jina kwa jina, na wanakijiji wakasimama kusema huyu alikufa, yule hakulipwa, jengo lile halipo. Kutokana na vuguvugu lile nchi ilipata sheria ya haki ya habari mwaka 2005.

Kuna anayeuliza, na kwa haki: je, tuanike majina ya wagonjwa na walemavu ukutani? La. Hali ya mwili wa mtu ni siri yake, na Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inamlinda. Oktoba 2021 Mahakama Kuu ilisema usambazaji wa kadi za utambulisho za Huduma Namba ulikwenda kinyume cha sheria hiyo kwa sababu athari kwa data za watu hazikupimwa kwanza. Lakini siri ya mgonjwa isigeuzwe shuka la kumfunikia mwizi. Idadi ya wanaolipwa katika kata ndogo, jumla ya pesa zilizotolewa na tarehe zilipotoka havimvui nguo mtu yeyote. Hayo ni ya wote. Sababu ya mtu kuwa kwenye orodha ni yake na ofisi. Na kinachomhusu mwenyewe, awe na haki ya kukiona chote na kukisahihisha.

Muhuri

Haki hizo tayari zimeandikwa. Ibara ya 35 ya Katiba inampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016 inaitaka ofisi ya umma ijibu ndani ya siku 21. Kinachokosekana ni kuishusha haki hiyo kutoka kwenye karatasi hadi pale Nyanya anaposimama.

Haitagharimu mabilioni. Ujumbe unaosema pesa zimekwama utaje sababu kati ya zile nne, na usomwe kwa sauti kwenye simu kwa Kimaasai, Kikuyu na Kiswahili, kwa kuwa asiyesoma ana masikio. Jina likiondolewa, mwenyewe ajulishwe kabla, na apewe muda wa kujitetea. Kidole kikikataa, sheria imwambie wakala la kufanya badala ya kumrudisha mtu bondeni. Ghalani, mfuko mmoja katika kila shehena ufunguliwe na kupimwa mbele ya wakulima, na jibu la maabara libandikwe mlangoni kabla ya wa kwanza kulipa.

Tunajua kufanya hivi. Mizani ya bucha hapa Kiserian haiaminiwi kwa sababu mwenye bucha ni mtu mwema. Sheria ya Vipimo na Mizani inataka ikaguliwe na kupigwa muhuri, na mteja akitaka anainama autazame. Kompyuta inayogawa pesa za wazee nayo ni mizani. Inapima haki ya watu walioijenga nchi hii kwa mikono ambayo sasa kifaa hakiwezi kuisoma.

Kwa hiyo naanza na dogo linalowezekana. Jumatatu ofisi ya chifu ikifunguliwa, mkazi yeyote anaweza kuingia na kuuliza: mwezi huu pesa za wazee zimetoka kwa watu wangapi katika kata ndogo yetu, na tarehe ngapi? Jibu liandikwe kwa kalamu nene, libandikwe ukutani nje, mahali ambapo wanaotoka sokoni watapita. Bikizee akiambiwa tena kwamba bado haijaingia, mjukuu atamsomea pale ukutani kuwa zilitoka tarehe 5. Hapo atakuwa amepata mahali pa kuweka kidole gumba, na atasema kwa sauti.